Anvelope ya Kuple Lukusa

Mi niko mutu ya wivu. Ninaisema mbele, juu musichoke kuitafuta. Mama yangu alikuwa anasema kama siku ya ubatizo nililia mpaka kanisa yote ikageuka, juu padri alianza na mutoto ya jirani. Bantu banacheka. Bacheke tu, ni kweli.

Jina yangu Mushiya. Nilizaliwa hapa Kolwezi, mu mutaa ya Dilala, mu nyumba ya kampuni, juu nkambo yangu, babu, balimuleta kutoka Kasai kufanya kazi ya mugodi. Niko na myaka makumi tano na moja. Bwana nilikuwa naye. Alienda Dilolo kutafuta biashara ya bitu bya Angola, akapata biashara na mwanamuke pamoja, akabakia kule. Huyu mwanamuke sijamuona hata siku moja, lakini mukituweka mu chumba moja, mutaita polisi.

Kazi njo ilibakia bwana yangu. Ni mwaka ya kumi na moja sasa niko ku imprimeri, pale banapiga chapa, ya Tata Ngeleka, pa barabara kubwa, pembeni ya farmasi. Tunapiga faktiri, kalendari, programu ya misa. Lakini kitu yenye inaleta bantu kwetu ni anvelope, ao bahasha, vile redio inasemaka. Hapa Kolwezi, ukioza mutoto hautume mwaliko mu anvelope tupu. Jina ya mualikwa lazima iandikwe juu, tena na cheo yake: Kuple kama ni bwana na bibi, Mama fulani kama ni mujane ao anaishi peke yake, Famiye kama unakubali akuye na batoto. Ukikosa cheo, mutu hakuyi. Ao anakuya, lakini anakuya kukutukana.

Zamani balikuwa banaandika na biki, majina mia tatu, mukono inavimba. Kiisha Tata Ngeleka akaleta mashini ya wino, na ile mashini mi njo nilikuwa mwenyewe wake. Ufunguo ya chumba yake ilikuwa inavaliwa mu shingo yangu, pamoja na musalaba.

Kila asubui ninatosha nguo yenye kuifunika, ninapanguza vumbi. Wakati ya kipwa, mvua ikikosa, makamio, malori ya mugodi, inapita siku muzima na vumbi inaingia mpaka mu meno. Kiisha ninakamata anvelope makumi tano, ninazipepeta na bidole, juu zisishikamane. Wakati ya mvua, gundi ya kifuniko inalowa, mbili zinaingia pamoja, na mashini inatafuna. Kiisha ninapiga moja ya kuonja. Ninaipeleka ku dirisha, ninaangalia herufi. Kama kuko mustari mweupe unapita mu jina, ujue tutundu twa kichwa, pale mashini inatemea wino, tuliziba, wino ilikauka mule. Unaambia mashini ijioshe, mara moja tu, hapana tatu, juu kila kuosha inakunywa wino kama mulevi. Na kuran, umeme, ikikatika katikati ya kazi, ni mbio! Kichwa inabakia wazi, inakauka. Unafungua, unaisukuma polepole mpaka pa kikao yake, unafunika. Hii yote hakuna mutu alinifundisha. Nilijifunza kwa kuharibu.

Kuko kazi ingine tena, yenye mashini haiwezi: kusoma liste. Mashini haijue nani alikufa, nani aliachana, nani alioa ya pili na anataka ya pili njo iandikwe. Mi ninajua. Ninaenda ku matanga yote, ku ndoa yote, na masikio yangu haifungwake. Bantu balikuwa banasema: peleka anvelope kwa Ngeleka, Mama Mushiya atasoma liste, hautapata haya.

Sasa, mu mwezi ya tano, Tata Ngeleka akaleta Falonne.

Falonne alitoka Lubumbashi, myaka makumi mbili na sita, misuko mudogo mudogo, sauti ya chini. Alinisalimia na kupiga magoti kidogo: "Jambo Mama, nimekuya kujifunza kwako." Ile adabu yake iliniuzi kuanzia siku ya kwanza. Angekuwa na kiburi ningekuwa na nafasi ya kumuchukia vizuri.

Bazee banasemaka: mugeni akuye, mwenyeji apone. Mi sikupona. Munisikilize. Ile mashini ilikuwa na ugonjwa yake. Tangu myaka mbili, chini ya kila jina ilikuwa inaacha alama ya wino, kama mutu alipitisha kidole chafu. Nilikuwa ninaosha kichwa asubui, saa sita, mangaribi. Nilimuambia Tata Ngeleka: "Tata, mashini inazeeka, ni vile." Akakubali, na bakliya, bantu yenye kutuletea kazi, bakakubali.

Juma ya pili tu, Falonne akainama, akasikiliza mashini ikizunguka, akazima, akafungua kifuniko ya pembeni.

"Mama," akasema, "kichwa haina ugonjwa. Ni rulo. Gundi ya anvelope ilijikusanya juu yake, sasa inakamata wino na kupakaza."

Akalowesha kitambaa, akapanguza ile rulo ya mupira huku akiizungusha na kidole. Kitambaa ikatoka nyeusi. Dakika kumi! Akapiga moja ya kuonja. Safi. Hakuna alama.

"Ekie!" Tata Ngeleka akapiga mikono. "Mushiya, unaona? Myaka mbili!"

Nilicheka. Meno yangu yote ilionekana. Mu roho nilikuwa ninachemuka. Myaka mbili ninapigana na kichwa, na kichwa haikukosa kitu! Na huyu mutoto alinirudishia kitambaa na mikono mbili, vile unarudishia mukubwa kitu yake. Ningemupiga nayo.

Kuanzia pale, kila kitu yake iliniuma. Bakliya bakiingia banauliza: "Ule dada iko?" Mashini ikinifanyia kiburi, nikimuita akuye, inatulia. Nilianza kukuya mapema saa moja juu nimukute hajafika. Akaanza kukuya mapema naye, na mikate, anakata ya kwake anapatia mi nusu. Nilikula, juu njaa ni njaa.

Mu mwezi ya saba Tata Ngeleka akatuita sisi mbili mu biro, ofisi yake. Akasema kama alinunua mashini ya pili, kubwa, itafika mwisho wa mwezi ya nane. Mutu mumoja atakuwa shefu ya mashini zote mbili na kushika ufunguo. Mwingine ataenda nyuma, kukata karatasi na kubandika.

"Ndoa ya binti ya Tata Mpoyi iko karibu," akasema. "Anvelope mia ine. Falonne, hii kazi uifanye wewe, kutoka liste mpaka mwisho. Nataka kuona. Mushiya atapanga tu makumi tano makumi tano na kufunga."

Myaka kumi na moja, na mi napanga na kufunga! Nilitoka mu biro nikaenda ku choo, nikasimama mule bila kufanya kitu. Niliona maisha yangu: niko nyuma, na kisu ya karatasi, Falonne na ufunguo mu shingo. Bwana balinikamatia. Sasa banakamata na mashini.

Liste ya Tata Mpoyi ilifika siku ya tatu. Falonne akaiingiza mu ordinateri, akapepeta anvelope vile mi nilimufundisha, akapima nafasi ya kupita, akapiga moja ya kuonja. Safi. Akaanza. Anvelope zinatoka moja moja, mi nazipokea pa mwisho, ninaangalia wino ikauke, ninapanga.

Hapo katikati ikatoka moja, ikaanguka mu mikono yangu: *Kuple Lukusa*.

Mikono ikasimama. Tata Lukusa alikufa kisha Pasaka. Mi nilikuwa pale. Nililala chini ku matanga siku tatu pamoja na bibi yake, mi njo nilimushika mukono siku balitosha sanduku mu nyumba, mi njo nilibeba picha mpaka makaburi. Nikaelewa mara moja: Tata Mpoyi alitumia liste ya zamani, ya ndoa ya binti yake mukubwa. Falonne hakuwa hata Kolwezi wakati ile. Angejua wapi?

Kwetu, kualika maiti ku ndoa si kosa ndogo. Ni kuita kifo mu nyumba ya bibi harusi. Familia ya marehemu inaweza kukaa myaka bila kukusalimia.

Niwaambie na kitu ingine, juu nilisema sitaficha wivu yangu. Mu ile liste mi pia nilikuwa. Anvelope yangu ilitoka mbele kidogo: *Mama Mushiya*. Peke yangu. Bwana yangu iko muzima, anakula samaki Dilolo, na mi niko peke yangu. Mama Lukusa, bwana yake iko mu bulongo, na bado ni kuple. Iliniuma. Vrai, iliniuma na hiyo.

Falonne akasimamisha mashini.

"Mama," akasema, "samahani. Tata alisema nifanye yote, lakini mi siko mutu ya hapa. Haya majina, cheo zote iko sawa? Wewe njo unajua bantu."

Aliniuliza. Musikie vizuri: aliniuliza, na *Kuple Lukusa* iko mu mukono yangu, wino bado mubichi.

"Iko sawa," nikamujibu. "Piga tu."

Akaniambia aksanti, akabonyeza, mashini ikaendelea. Mi nikatia ile anvelope mu rundo, makumi tano, nikafunga na mupira. Na musiniletee ile mezali ya shimo na mwenye kuichimba. Ninaijua.

Kisha siku ine Tata Mpoyi akaingia mu imprimeri kofia mu mukono, uso umeiva. Ndugu ya marehemu alikuta anvelope pa meza kwa Mama Lukusa, akamupigia simu mbele ya familia yote: unaalika maiti, Mpoyi?

"Ngeleka!" akalalamika. "Liste ni ya zamani, kosa yangu. Lakini mi nakuyaka kwako juu ya nini? Kwako banasoma!"

Tata Ngeleka akamugeukia Falonne. Sitarudilia maneno yote. Alimuambia kama anvelope si karatasi, ni bantu, na kama mashini safi bila akili ni takataka. Falonne alikuwa anaangalia chini. Mara moja tu alinyanyua macho, akaniangalia, akashusha tena.

"Ni kosa yangu, Tata," akasema. "Nisamehe."

Basi. Hakunitaja. Nilingoja anitaje, nilikuwa na majibu tayari, nilipanga hata sauti yenye nitatumia. Hakunitaja!

"Kuanzia leo uko nyuma, ku kukata," Tata Ngeleka akamuambia. "Mushiya, shika ufunguo yako. Mashini mupya ikifika, wewe njo shefu."

Nilifurahi? Nilifurahi. Niseme bongo, nidanganye? Ile siku nilikula bukari, ugali yetu, na samaki mbili, na nikaimba nikiosha sahani.

Kesho yake Falonne akanifuata pa mulango, karatasi zimejaa mu mikono.

"Mama, sikumuambia Tata kama nilikuuliza," akasema polepole. "Ningekuletea haya bure. Najua wewe pia haukuona."

"Eeh, mwanangu," nikasema. "Macho inazeeka."

Akanihurumia! Alinihurumia na uso yake yote. Na pale nikamuonea wivu mupya, wivu ya ule moyo. Mutu anapata wapi moyo ya vile? Mi nikiwa na miaka yake ningepiga makelele mpaka sokoni.

Ndoa ikapita, bantu bakacheza, Tata Mpoyi na ndugu ya marehemu bakapatanishwa na mbuzi. Nilisema: imeisha.

Siku ya kwanza ya juma, kisha saa ine, Mama Lukusa akaingia. Kitambaa nyeusi ku kichwa, nguo nyeusi, kifurushi chini ya mukono. Nilikuwa ninaonyesha Tata Ngeleka kartushi mupya ya wino. Falonne alikuwa nyuma, ku kukata. Nikasema mu roho: sasa huyu anakuya kumumaliza Falonne, na itakuwa ya mwisho. Nikaweka uso ya huruma.

Alipita mbele ya Tata Ngeleka bila kumusalimia, akakuya mpaka kwangu, akanikumbatia. Alilia pa bega yangu. Kiisha akafungua Biblia yake, na mule ndani ilikuwa anvelope.

"Mushiya, dada yangu," akasema. "Shemeji yangu alifanya makelele, umusamehe, haelewi. Tangu Pasaka banamufuta bwana yangu. Ku paroki banasema mujane. Ku kampuni banasema mujane. Hata batoto bakisema nyumba kwetu, banasema kwa Mama. Ile anvelope ikafika, nikasoma Kuple Lukusa. Nilikaa chini. Nikasema: huyu ni Mushiya. Alinipatia bwana yangu mara moja tena."

"Mama, ile..." nikaanza.

"Usikatae! Wengine banasema ni kosa. Kosa ya namna gani? Wewe ulilala na mi chini siku tatu. Wewe njo ulibeba picha yake! Mutu yote Kolwezi angeweza kusahau kama Lukusa alikufa, hapana wewe. Kama ilipita mu mikono yako, ni wewe ulitaka ipite."

Mashini ya kukata ikanyamaza. Falonne alikuwa amesimama pa mulango ya nyuma, kipande ya karatasi mu mukono. Niliona ile neno inamuingia. Niliona inapita mu macho, inashuka, inafika.

Tata Ngeleka alikuwa bado na kartushi mu bidole, akaniangalia mi, akamuangalia yeye.

Falonne akasogea. Akamupigia Mama Lukusa magoti, vile alinipigia mi siku ya kwanza.

"Ndiyo, Mama," akasema, na sauti yake ile ya chini. "Mi njo nilipiga, lakini ni Mama Mushiya. Nilisimamisha mashini, nikamuuliza kama majina iko sawa. Alikuwa na anvelope yenu mu mukono. Akanijibu: iko sawa, piga tu."

"Unaona!" Mama Lukusa akalia na kucheka pamoja. "Nilijua!"

Hakuna kosa mu ile maneno. Hakuongeza kitu, hakupunguza. Mujane akafurahi, na mi nikaungua pale nimesimama, na mikono ya mujane mu mikono yangu. Akafungua kifurushi: pagne, kitenge ya yadi sita, ya rangi ya bulu na ndege ya manjano. Bwana yake alimununulia mbele ya ugonjwa, hajashonesha. "Ni yako," akasema. "Yeye mwenyewe angekupa." Akatubariki wote, akaenda.

Tata Ngeleka hakupiga kelele. Ningependa apige. Aliweka kartushi chini, akanyoosha mukono.

"Ufunguo."

Nikautosha ku shingo. Nyuzi ilishikana na ya musalaba, ikachukua wakati, na hakuna mutu alinisaidia. Yeye akamupatia Falonne.

"Sikufukuze, Mushiya," akasema. "Utasoma liste, juu mutu mwingine hawezi. Lakini utasoma na sauti, na Falonne pembeni."

Njo vile tunafanya mpaka leo. Mashini kubwa ilifika, iko na bichwa mbili, Falonne anazitunza kama mapacha. Mi nakata, nabandika, na liste ikifika ninasoma na sauti: huyu alikufa, huyu aliachana, huyu andika Mama. Ananiambia aksanti kila mara. Mikate hanikatie tena.

Pagne iko mu sanduku. Kila siku ya Mungu Mama Lukusa ananiuliza kisha misa: "Mushiya, sijakuona na pagne yangu, kuko nini?" Ninamujibu: "Fundi bado, Mama." Anacheka, ananishika mukono, na anvelope inachungulia mu Biblia yake, jina juu. Siku moja aliifungua karibu ya macho yangu. Niliiangalia vile ninaangaliaka yote, na jicho ya kazi. Herufi zote zimejaa. Hakuna alama chini, hakuna mustari mweupe hata moja. Falonne anajua kazi.